Kabla ya sera, nionyeshe ratiba ya zamu

Hoteli kubwa za pwani ya Unguja nyingi siku hizi zina sera ya ujumuishi, yaani ahadi ya kutombagua mtu kazini. Imechapwa vizuri, ina saini ya meneja mkuu, imebandikwa pale wafanyakazi wanapopiga dole gumba asubuhi. Kazi yangu ni rasilimali watu, na nikiitwa kuangalia hoteli inaishi vipi na watu wake, sera siianzi. Naomba ratiba ya zamu, halafu nauliza gari la wafanyakazi linaondoka saa ngapi na linawashusha wapi.

Chukua mgahawa. Zamu ya jioni inamalizika saa tano usiku. Gari linashusha watu barabara kuu, wa vijiji vya ndani wamalizie kwa mguu. Kijana wa kiume atanung'unika, lakini ataenda. Binti wa Kidoti au Matemwe, baba yake atamzuia kabla wiki haijaisha, na msimamizi ataandika kwenye faili: ameacha kazi kwa hiari. Mwaka ukimalizika, ripoti inasema wanawake wa vijijini hawapendi kazi ya hoteli. Hawapendi! Nimefanya kazi mahali ambapo dereva aliambiwa amfikishe kila mtu mlangoni kwao, na wazazi wakaalikwa mchana kuja kuona mabinti wao wanafanya kazi wapi na chini ya nani. Mtandio ukaingizwa kwenye sare, kwa rangi ile ile ya hoteli. Mabinti wakabaki.

Ramadhani nayo ina mtihani wake. Futari inaangukia kwenye saa kumi na mbili na ushei, ndipo wageni wanapoanza kushuka kula. Ratiba ikipangwa kienyeji, mhudumu aliyefunga atameza tende na maji amesimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mara nyingi wenzao Wakristo kutoka Bara ndio huwashikia nusu saa ile, tena kwa moyo mmoja. Shida ni kwamba ikifika Krismasi, hao hao huambiwa hakuna ruhusa, msimu umechanganya. Mimi hutaka mambo hayo mawili yaandikwe kwenye karatasi moja: aliyeshika zamu ya futari awe wa mwanzo kuchagua siku zake Disemba au Pasaka. Na Mpemba umpe siku moja ya Idi umemfanyia nini? Itamalizikia kwenye boti. Mlimbikizie mapumziko yake ya wiki afike kwao.

Sheria haina utata. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inakataza ubaguzi kazini. Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unataja hata maoni ya kisiasa, jambo ambalo visiwani kwetu si la kupita juu juu. Ukitaka kujua, katazame kantini watu wanavyokaa wakati wa uchaguzi.

Kwa wafanyakazi viziwi, mengi ni mepesi kuliko mameneja wanavyodhani: maagizo ya asubuhi yaandikwe ubaoni, king'ora cha moto kiwe na taa, na msimamizi ajifunze Lugha ya Alama kidogo.

Kigumu zaidi ni ajira yenyewe. Kwenye usaili bado nasikia kwamba Mzanzibari mvivu, Mbara mchapakazi, basi mapokezi anawekwa mtu wa Bara au Mkenya, mwenyeji anapelekwa bustanini na kwenye dobi. Kiwengwa wapo vijana wanaozungumza Kiitaliano walichokiokota ufukweni, wanachekesha wageni na kuwatatulia shida zao. Fomu ya maombi inadai stashahada, kwa hiyo jina lao halifiki mezani. Mimi huwaambia wakuu wa idara wakiondoe kigezo hicho kwa nafasi za mapokezi, wamweke mwombaji mbele ya mgeni kwa robo saa, kisha waamue.