Kasi ya tovuti na nafasi yake kwenye matokeo ya utafutaji

Kasi ya tovuti ni muda unaopita tangu mtu abofye kiungo hadi ukurasa ufunguke na aweze kuutumia. Kuutumia, si kuuona tu. Zipo kurasa zinazojaza skrini upesi, lakini ukigusa menyu inakaa kimya kama haijaguswa.

Google ilitangaza Aprili 2010 kwamba kasi imekuwa miongoni mwa vigezo vya kupanga matokeo. Julai 2018 ikaanza kuihesabu na kwa utafutaji wa kwenye simu, ikieleza kwamba watakaoguswa ni wale wenye kurasa za polepole mno. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kasi haimpandishi mtu juu kwa sababu tu tovuti yake inakimbia. Ukurasa unaojibu vizuri alichokitafuta mtu unaweza kukaa juu ya ukurasa mwepesi usio na la maana. Kasi huanza kuwa na sauti pale kurasa zinapokaribiana kwa ubora wa maudhui.

Tangu 2021 Google hutumia vipimo vinavyoitwa Core Web Vitals, na kwa sasa viko vitatu. LCP hupima kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini, mara nyingi picha ya juu au kichwa cha habari: kionekane ndani ya sekunde 2.5. INP, iliyochukua nafasi ya kipimo cha awali kilichoitwa FID Machi 2024, hupima ukurasa unavyoitikia unapoguswa, na kiwango kizuri hakizidi milisekunde 200. CLS hupima mtikisiko. Huo kila mtu anaujua: unapeleka kidole kwenye “Soma zaidi”, tangazo linachomoza ghafla, maandishi yanashuka, na kidole kinaangukia tangazo. Hapa alama inatakiwa isizidi 0.1, na dawa yake ya kwanza ni kutaja upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiitengee nafasi mapema.

Vipimo hivi hutoka kwa watumiaji halisi wa Chrome, kwa takwimu za siku 28, na ukurasa hufaulu iwapo angalau asilimia 75 ya ziara zimefikia kiwango. Kwa hiyo ukirekebisha leo, usitarajie takwimu zibadilike zote kesho. Ile alama ya 0 hadi 100 inayotolewa na PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kurasa, ni ya jaribio la maabara. Inasaidia kutafuta tatizo, lakini siyo inayopanga matokeo. Kukesha ukiitafuta 100 ni kujichosha bure.

Ningeanzia kwenye picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera huweza kuwa na upana wa pikseli 4000, ilhali simu inahitaji sehemu ndogo tu ya hizo. Ipunguze vipimo, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), kisha geukia skripti, yaani vipande vya msimbo, za matangazo na vidude vya mitandao ya kijamii ambavyo hakuna anayevibofya.

Seva nayo ina mchango wake. Ikichelewa kujibu, roboti ya Google, programu inayozunguka ikisoma tovuti, hupunguza idadi ya kurasa inazozipitia, na kurasa mpya zinaweza kuchelewa kuingia kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambamo Google huchota matokeo. Hilo huziumiza zaidi tovuti zenye maelfu ya kurasa. Mwenye kurasa ishirini hana haja ya kulihofia.