Kutafuta njia ndani ya msimbo mkubwa wa programu huria

Mgeni katika mradi wa programu huria mara nyingi hufungua faili la kwanza na kuanza kusoma kama anayesoma riwaya. Kiini cha Linux (kernel), sehemu ya mfumo inayosimamia mashine yenyewe, kina zaidi ya mistari milioni 30. Hata wanaokitunza hawajakisoma chote. Wanachojua ni kuuliza.

Swali jepesi kuliko yote ni hili: neno hili liko wapi? Hapo grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, inatosha. Iliandikwa na Ken Thompson mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo haijastaafu. Kama mradi unatumia Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, afadhali git grep, kwa kuwa hupekua mafaili yanayosimamiwa na Git tu na kuyaruka yaliyozaliwa wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa.

Shida ni kwamba grep huona herufi, haioni maana. Chukua sys_read, mwito ambao programu hutumia kukiomba kiini kisome faili. Ukiitafuta kwa jina hilo utaletewa tangazo lake, majedwali ya miito, na ndugu zake kama ksys_read. Mahali ilipofasiliwa hutapaona. Katika fs/read_write.c imeandikwa SYSCALL_DEFINE3(read, …), na hiyo 3 ni idadi ya vigezo vyake. Jina kamili huungwa na makro, yaani kifupisho kinachopanuliwa kuwa msimbo kamili, wakati wa kukompaili.

Dawa ni faharasa. Ctags hupitia msimbo wote na kuandika kila jina limefasiliwa wapi, kisha ndani ya kihariri cha Vim unabonyeza Ctrl na ] ukarushwa hadi pale, na Ctrl na T kurudi ulikotoka. Ila usiendeshe ctags -R kavukavu kwenye Linux, maana makro zile zitaichenga nayo pia. Tumia make tags: watunzaji wameshaandika kanuni za kuzitambua, zimo kwenye scripts/tags.sh. Mimi nililijua hilo baada ya kupoteza mchana mzima.

Ukitaka kujua nani anaiita fanksheni fulani (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake), programu ya cscope, iliyozaliwa katika maabara ya Bell Labs, itakujibu. Siku hizi chombo kiitwacho clangd hufanya hayo na zaidi, kwa kuwa huuelewa msimbo kama kompaila inavyouelewa, mradi tu uipe amri za kukompaili kila faili.

Zote hukwama mahali pamoja. Ndani ya vfs_read, fanksheni ambayo sys_read huishia kuiita, utakuta file->f_op->read: fanksheni itakayoitwa hujulikana programu ikiwa inakimbia, kulingana na aina ya faili. Hapo mtu hurudi kwa grep yuleyule mzee na kutafuta “.read =”, aone ni fanksheni zipi zimewekwa kwenye nafasi hiyo ya read.

Kuna pia swali la kwa nini. Ukikuta mstari unaoonekana hauna kazi, usiufute bado. Git blame humtaja aliyeugusa mwisho, ambaye huenda alisogeza nafasi tu. Ongeza -w ili nafasi zisihesabiwe. Git log -S, ukiipa maneno ya mstari huo, hukupeleka kwenye badiliko lililouingiza, na maelezo ya badiliko hilo mara nyingi hutaja hitilafu ambayo mstari huo unaizuia.