Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Hulilia Haki, Kisha Akamwambia Mwenzake "Hatukuchezeshi"?

Wagawie soda moja watoto wawili, mmoja akiwa wa miaka saba, kisha mtazame huyo mkubwa. Haangalii glasi kwa juu. Anapiga magoti, anaweka jicho usawa wa meza, anasubiri povu litulie, ndipo anatoa hukumu: "Yake imezidi!" Wiki iliyopita hukumu hiyo ilitolewa nyumbani kwetu, na ilibidi nimimine tena kidogo kidogo mpaka hakimu akaridhika.

Nusu saa baadaye hakimu huyo huyo alikuwa uani akicheza rede na wenzake. Akaja msichana ambaye familia yake imehamia mtaani juzijuzi, akasimama pembeni, akaomba kuingia. Wa kwanza kumjibu alikuwa mwanangu: "Wewe hatukuchezeshi."

Inakuwaje mtoto anayepima soda kwa jicho la fundi asione vibaya kumfungia mwenzake mchezo? Wengi husema watoto ni wabinafsi tu, haki wanayoijua ni ya kwao. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini linawapunja watoto.

Tuanze na soda. Mwaka 2015 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa jozi 866 za watoto wa miaka 4 hadi 15 katika nchi saba: Kanada, India, Mexico, Peru, Senegal, Uganda na Marekani. Watoto wawili waliketi wakitazamana, na kati yao palikuwa na kifaa chenye trei mbili za vitu vitamu. Mmoja wao ndiye aliyeamua. Akivuta mkono wa kijani wa kifaa hicho, kila mtu anapata kilichomo kwenye trei yake. Akivuta mwekundu, vyote vinamwagika kwenye bakuli la katikati na hapati mtu. Sasa mpe mwamuzi kimoja, na mwenzake vinne. Katika jamii zote saba, watoto walipokuwa wanakua walifikia mahali pa kuvuta mkono mwekundu: afadhali tukose sote kuliko mimi nipunjike.

Kisha watafiti wakageuza mgawo. Mwamuzi ana vinne, mwenzake kimoja. Hapo mambo yakabadilika. Watoto wakubwa waliokuwa tayari kupoteza vinne vyao ili mwenzao asipunjike walionekana katika nchi tatu tu: Kanada, Marekani na Uganda. Kwa hiyo uchungu wa kupunjwa upo kila walikopimwa, ila uchungu wa kumpunja mwenzako huchelewa, na kuota kwake kunategemea sana mazingira anamokulia mtoto.

Lakini kuchelewa huko si kutojua. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani waliwapa watoto wa miaka 3 hadi 8 stika na kuwauliza wanapaswa kumgawia mtoto mwingine ngapi. Hata wa miaka mitatu walisema nusu kwa nusu. Ilipofika wakati wa kugawa kweli, wadogo wakajiwekea nyingi. Kilichonigusa zaidi ni hiki: walipoulizwa kabla ya kugawa kwamba wao wenyewe watafanya nini, wadogo walisema wazi kwamba watabaki na nyingi. Hawakujidanganya. Sheria walikuwa nayo kichwani. Uzito wake mkononi ulikuja wakiwa na miaka saba au minane.

Na usidhani sheria yenyewe ni ile ile kila mahali. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 uliwalinganisha watoto wa Kijerumani, wa Wasamburu wa Kenya na wa jamii ya Hai||om ya Namibia. Wawili walifanya kazi pamoja, mmoja akachangia zaidi, kisha wakagawana zawadi. Wajerumani waligawana kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Wasamburu, ambao kwao umri na heshima ya wazee ndiyo hupanga mambo mengi, hawakuujali mchango hata kidogo. Hai||om waligawana karibu sawa kwa sawa. Mtu aliyekulia kula sinia moja na ndugu zake, nyama ikisubiri mkubwa aimege na kumsogezea kila mtu kipande chake, hashangazwi na matokeo hayo. Mtoto husoma haki kwenye mikono ya wanaomgawia.

Sasa twende uani. Kule kuna kitu kingine kinachofanya kazi: kundi. Nacho huota kwa wepesi wa ajabu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwavisha watoto wa miaka mitano fulana za rangi mbili, bila sababu yoyote, kwa bahati nasibu tu. Muda mfupi baadaye watoto hao waliwapenda zaidi wale wa rangi yao, ambao waliwaona kwenye picha tu, na walipohadithiwa mambo waliyofanya watoto wa rangi zote mbili, mazuri ya "wetu" ndiyo yaliyowakaa kichwani.

Kuna jaribio la zamani kidogo ambalo natamani kila mwalimu alijue. Lilifanywa na Rebecca Bigler na wenzake na kuchapishwa mwaka 1997. Watoto wa shule ya likizo walivaa fulana za bluu na za njano kwa wiki kadhaa. Katika baadhi ya madarasa walimu walizitumia rangi hizo kupanga mambo: bluu kaeni huku, njano pangeni mstari kule. Katika mengine fulana zilikuwepo, lakini walimu hawakuzigusia. Upendeleo wa mtoto kwa watu wa rangi yake ulimea pale mwalimu alipozitumia. Mwalimu hakusema bluu ni bora. Kule kupanga tu kulimtosha mtoto kuelewa kwamba rangi ni jambo kubwa.

Basi mtoto anayekataa mgeni ana vitu viwili kichwani kwa wakati mmoja, haki na kundi, na anavipima. Melanie Killen wa Chuo Kikuu cha Maryland ametumia miaka mingi kuwauliza watoto wenyewe kuhusu upimaji huo. Katika utafiti wake na Charles Stangor wa mwaka 2001, waliulizwa kama ni sawa wasichana kumkataa mvulana kwenye kilabu cha ngoma ya ballet kwa sababu tu ni mvulana. Wengi wa kila umri walisema si haki, ataumia. Lakini swali lilipowekewa uzito, kwamba nafasi imebaki moja na mwombaji mwingine anacheza vizuri zaidi, wale wa miaka kama kumi na mitatu walielekea zaidi kuliko wadogo kumchagua anayejua, ili kundi liende vizuri. Kukua, kwa hiyo, hakumwongezei mtoto haki peke yake. Kunamwongezea pia hoja za kundi, na baadhi ya hoja hizo ni za kweli. Timu inahitaji golikipa anayejua kudaka. Shida ni kwamba hoja hiyo hiyo ni kichaka kizuri cha kujificha mtu anayembagua mwenzake kwa kabila, kwa dini au kwa nguo alizovaa.

Ndiyo maana siku ile sikuwaamrisha wamwingize. Nilitaka kusikia. Niliuliza kwa nini hachezi, na majibu yakaja matatu kwa mpigo. "Tumeshatimia." "Hajui rede ya huku." Na la tatu kwa sauti ya chini kidogo: "Si wa kwetu." Mawili ya kwanza yalikuwa hoja za mchezo. La tatu lilikuwa kundi tupu, na nadhani aliyelisema alijua, maana baada ya hapo alianza kuchimba mchanga kwa kidole cha mguu. Nikamuuliza mwanangu: ungekuwa ndiye umehamia jana? Hakujibu. Akaendelea kucheza.

Dakika chache baadaye mtoto mmoja aliitwa kwao kuchota maji, idadi ikavurugika, wakamhitaji mtu. Wakamwita yule mgeni. Akaingia katikati, akaanza kukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa, na kumbe rede anaijua sana. Chupa ilipokaribia shingo, mrushaji akapiga kelele kwamba amempata, atoke. Mgeni akasimama, hajui aseme nini kwa watu asiowajua majina.

Mwanangu akaruka mbele. "Mpira haujamgusa! Nimeona! Msimwonee!"