Uvuvi wa mtoni msimu wa kipupwe: dhana potofu na ukweli

Masika yakishakatika, kuanzia Juni hadi Agosti, mito ya pwani yetu hubadilika tabia. Pangani, Sigi, Wami na Ruvu hupungua maji, hutulia na kuanza kutakata. Baharini kusi inavuma kwa nguvu, na wavuvi wengi wa vyombo vidogo, Tanga hadi Bagamoyo, huona heri waingie mtoni kuliko kupambana na mawimbi. Ndipo vijiweni zinaposikika kauli za uhakika kuhusu kipupwe. Baadhi zina chembe ya ukweli ndani yake, nyingine humpotezea mvuvi chambo na usiku wake bure, na mbili tatu zinaua.

"Kipupwe samaki hawali"

Joto la mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, tumbo husaga chakula polepole, na samaki hula mara chache zaidi. Chembe ya ukweli ni hiyo tu. Perege hulegea kula maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, na karibu na nyuzi 16 huacha kabisa. Maji ya Pangani mjini au ya Ruvu ya chini hayafiki huko: hata hewa ya alfajiri ya Julai pale Tanga huwa nyuzi 20 hivi, na mchana hupanda tena hadi 28.

Kinachobadilika ni saa ya kula. Miezi ya joto, alfajiri ni wakati mzuri wa perege. Kipupwe, maji ya kina kifupi pembezoni ndiyo yanayopoa kuliko yote usiku, kwa hiyo perege hukaa kwenye kina na kungoja jua liyapashe. Anayerusha mshipi saa kumi na mbili asubuhi na kukunja saa tatu ataapa kwamba mto hauna kitu, ilhali samaki wanaanza kusogea saa nne na kuendelea hadi saa tisa alasiri. Kambale ni kinyume: mtege tangu maghribi hadi saa tatu au nne usiku, kabla maji hayajapoa sana.

Badilisha na chambo. Kipande cha nyungunyungu cha urefu wa kucha kwenye ndoana namba 10 au 12 kinamtosha perege. Nyungunyungu mzima huning'inia, samaki akamega ncha na kuondoka. Badilisha hata chelezo. Kipande kinene cha kandambili huelea kwa nguvu mno, na samaki wa kipupwe, ambaye huvuta kwa ulegevu, akihisi kizuizi hutema. Tumia bua jembamba la mtama lenye chubwi (kizito cha mshipi) ndogo ya kulisimamisha wima. Msimu huu mara nyingi chelezo hakizami; hulala ubavu au husogea pembeni polepole. Hiyo ndiyo alama ya kuvuta.

"Maji yakitakata ndiyo yanavulika"

Ukimwona samaki, naye amekuona. Maji ya kipupwe yanaonyesha kivuli cha mtu, ncha ya ufito na mshipi mnene. Mshipi wa milimita 0.40 uliofaa wakati wa masika sasa unamfukuza perege. Shuka hadi 0.20 au 0.25, ukae hatua chache nyuma ya ukingo, na jua liwe mbele yako ili kivuli kisianguke majini.

Maji ya tope nayo yanasingiziwa. Kambale ana sharubu nane zinazoonja na kupapasa, wala hategemei jicho lake kupata chakula. Kijimvua kikipita na maji yakageuka rangi ya chai, huo ndio usiku wa kutega dhulumati, yaani mshipi mrefu wa ndoana nyingi, yenye utumbo wa kuku au vipande vya samaki.

"Maji ya chumvi hayapiti mlango wa mto"

Dhana hii ndiyo inayowapotezea wengi kipato, kwa sababu hukumu yake haionekani kwa macho. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025; ya mtoni ni kilo 1. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupenya chini kama kabari, na maji matamu hubaki yakielea juu. Wakati wa masika mto una nguvu ya kuyasukuma nje. Kipupwe, mtiririko ukipungua, chumvi hupanda mbali zaidi. Wakulima wa kingo za Mto Pangani wanalijua hilo vizuri, maana inawafikia mashambani.

Mvuvi akichota maji ya juu kwa kiganja na kuyaonja matamu, hutega dhulumati ya kambale chini, akaiopoa asubuhi ikiwa tupu. Kambale havumilii chumvi nyingi. Ameshahama kwenda juu. Perege wanavumilia zaidi, na nafasi iliyoachwa na kambale hujazwa na mkizi, mwatiko na kolekole wadogo wanaofuata maji ya bahari. Mto umebadilisha wageni, haujawa mtupu.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya nusu lita, ifunge jiwe, izibe kwa kizibo kilichofungwa kamba yake peke yake. Ishushe hadi sakafuni, chomoa kizibo, subiri mapovu yaishe, kisha ipandishe haraka. Onja kwa ncha ya ulimi na uteme. Ikiwa chumvi, ama uhame juu na dhulumati yako, ama ubaki hapo na nyavu za mkizi. Pima maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa sababu kipimo cha maji kupwa kitakudanganya.

"Bamvua ndiyo siku za samaki, maji mafu kaa nyumbani"

Baharini kauli hii ina uzito wake. Mtoni wakati wa kipupwe ni nusu tu ya habari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani hii hupita mita 3, na maji yote hayo hupita kwenye mdomo mwembamba wa mto. Nyavu hulala badala ya kusimama, hukusanya matawi ya mikoko, na chubwi ya gramu 30 huburutwa. Utahitaji gramu 80 au 100, na samaki mdogo hatakuwa na nafasi ya kugusa chambo.

Sasa angalia saa. Siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, kujaa kunaangukia karibu na saa nne asubuhi, yaani jua linapoanza kupasha pembezoni. Mkondo ni mpole, maji yamefika kwenye mizizi ya mikoko, na joto limerudi. Kwa mshipi wa mkono hakuna siku bora kuliko hizo ndani ya kipupwe, na ni hizo hizo ambazo wengi wanazitumia kushona nyavu. Ukiwa umepanda mbali mtoni, kumbuka kwamba maji hujaa kwa kuchelewa kuliko pwani. Chomeka kijiti ukijue kiasi cha kuchelewa mahali pako.

"Kusi ni ya baharini, mtoni ni salama"

Ndani ya mto ni kweli. Mlangoni, hapana. Mawimbi ya kusi yanapokutana na maji yanayotoka mtoni kwa kasi, yanafupika, yanasimama wima na kuvunjika juu ya mafungu ya mchanga. Saa mbaya kuliko zote ni jioni ya bamvua: maji yameanza kupwa baada ya saa kumi, na kusi imekuwa ikivuma tangu mchana. Mtumbwi uliopita hapo asubuhi bila tabu unaweza kupinduka saa kumi na mbili jioni. Pita mlango maji yakiwa mwishoni mwa kujaa, mzigo uwe chini katikati ya chombo, na jaketi la kuokolea liwe mwilini, si chini ya tanga.

"Mvua hakuna, mto hauwezi kupanda"

Sigi inatoka Usambara Mashariki, na kule Amani mvua hunyesha karibu kila mwezi, jumla yake kwa mwaka ikikaribia milimita 1,900. Tanga mjini jua linaweza kuwaka siku nzima huku maji ya jana ya milimani yako njiani. Pangani nayo ina bwawa la Nyumba ya Mungu na vituo vya umeme vya Hale na New Pangani Falls. Maji yanayopita kwenye mitambo hufuata mahitaji ya umeme, si mawingu. Chini ya vituo hivyo mto unaweza kupanda kwa muda mfupi bila tone la mvua. Usikae kwenye jiwe la katikati usiloweza kuliacha kwa hatua mbili. Majani mabichi yakianza kuelea, au kijiti chako kikizama kwa upana wa vidole vinne, toka kwanza, vifaa baadaye.

"Mamba amelala kwa baridi"

Hajalala. Usiku wa kipupwe maji huwa na joto kuliko hewa, hivyo mamba hubaki majini, na asubuhi hutoka kuota jua kwa muda mrefu. Ndiyo maana anaonekana mvivu. Mto ukipungua, samaki hukusanyika kwenye vidimbwi vya kina, naye hufuata huko huko unakopapenda wewe. Usisafishie samaki pale unapovulia, usirudi kuchota maji mahali pamoja kila siku, na usiingie majini kufungua ndoana iliyonasa: kata mshipi. Kiboko hutoka kula nyasi maghribi na kurudi alfajiri, basi usikae kwenye njia yake iliyokanyagwa. Kando ya Wami, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kuvua ndani ya mipaka ya hifadhi hakuruhusiwi hata kidogo.

Kuna hatari nyingine isiyo na meno. Vijidudu vya kichocho hutolewa na konokono wa maji matamu zaidi wakati wa jua, kuanzia asubuhi ya kuchelewa hadi alasiri, ambazo ndizo saa za perege. Kwa hiyo vulia ukingoni au mtumbwini, usisimame kwenye maji matamu yaliyotulia yenye majani. Mkojo wenye damu si "ukubwa" wa kijana. Ni wa kupelekwa kituo cha afya, na dawa yake ipo.

"Utupa ni dawa ya asili, hauna madhara"

Mto ukipungua, vidimbwi huwavutia wenye haraka. Utupa, mmea unaopondwa na kumwagwa majini, una rotenoni, sumu inayozuia seli kutumia oksijeni. Haichagui: inaua perege jike aliyebeba mayai mdomoni pamoja na mayai yake, vifaranga, kamba wadogo na wadudu wanaoliwa na samaki. Mwanga na joto ndivyo vinavyoivunja, kwa hiyo kwenye maji ya kipupwe yaliyopoa, chini ya kivuli cha miti, hudumu zaidi kuliko kiangazi. Kidimbwi kimoja kilichouliwa Julai ni mbegu ya samaki ambao wangetawanyika mto mzima vuli ikija. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu, na tungekuwa tumeikataa hata bila sheria. Chandarua nacho kinachota vifaranga hao hao.

"Baridi inatunza samaki"

Nyuzi 25 si baridi kwa samaki aliyekufa. Akiachwa mtumbwini tangu saa nne hadi jioni, ameshaanza kuharibika hata kama upepo unakutetemesha. Toa matumbo na mashavu mara moja, osha kwa maji safi, kisha panga kwenye kasha: tabaka la barafu, tabaka la samaki, tumbo likitazama chini ili maji yasituame ndani. Kiasi ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na tundu la kutolea maji liwe wazi.

Pasipo na barafu, kambale apasuliwe mgongoni na kukaushwa kwa moshi. Hapa kipupwe kina tabu yake: hewa ya usiku ina unyevu, na samaki aliyetolewa motoni jioni huunyonya hadi asubuhi akaota ukungu. Anza na moto mkali kidogo wa kumwivisha, kisha punguza hadi moshi, na umrudishe motoni asubuhi ya pili kabla ya kumfunga kwenye kikapu. Usimfunge kwenye mfuko wa plastiki akiwa bado na joto.