Dhana potofu kuhusu TBC na Radio Tanzania

Ukisikiliza mabishano kuhusu Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC), utakuta wengi wanaizungumzia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, basi. Chombo hiki kina zaidi ya miaka 70. Kimebadilishwa jina mara kadhaa, na karibu kila jina lilikuja na jibu jipya la swali moja: bosi wake ni nani? Makosa mengi ninayoyasikia yanaanzia kwenye kulisahau swali hilo.

"TBC ilianza enzi za Kikwete"

Enzi za Kikwete kilichoanza ni jina na muundo wa sasa. Matangazo yenyewe yalianza mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipofungua Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo ambacho mawimbi yake hayakwenda mbali na mji. Mwaka 1956 kikageuzwa kuwa Tanganyika Broadcasting Corporation, shirika lililofuata mfano wa BBC. Kwa hiyo Watanganyika waliisikia TBC kabla hawajapata Uhuru. Mwaka 1965 Serikali ililivunja shirika hilo na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ikiwa idara ndani ya wizara. Tangu hapo mtangazaji akawa mtumishi wa Serikali kama bwana shamba au karani wa wilaya.

Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2002, RTD ilipounganishwa na Televisheni ya Taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT. Mwaka 2007 likaundwa shirika tena, TBC ya sasa, na Rais Kikwete akalizindua Machi 2008. Kwangu mimi mwaka wa kukumbuka ni 1965 kuliko 2008, kwa sababu tabia nyingi tunazozilalamikia leo zilijengeka katika miaka ile ya kuwa idara.

"RTD ilikuwa kipaza sauti cha Serikali, haikuwa na lingine"

Kipaza sauti ilikuwa, hilo halina ubishi. Hadi Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo binafsi, Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kushindana nayo. Ila anayeishia hapo anaacha nje sehemu kubwa ya kazi.

Chukua kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kijijini kwa vikundi kuzunguka redio moja, wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikiisha, kijitabu kinafunguliwa, aliyejua kusoma anawasomea wenzake, kisha wanajadiliana: malaria yetu inatoka wapi, maji yetu yako salama? Baada ya hapo wanakubaliana kazi ya kufanya, wanafukia madimbwi, wanafyeka majani, wanachimba vyoo. Watu wazima takriban milioni 2 walishiriki. Ilitanguliwa na kampeni za Uchaguzi ni Wako na Wakati wa Furaha, na baadaye ikaja Chakula ni Uhai. Redio peke yake isingeweza kuchimba choo hata kimoja, lakini bila redio vikundi vile visingepata somo lilelile kwa wakati mmoja nchi nzima.

Miaka 20 baadaye ikaja tamthilia ya redio, Twende na Wakati, iliyoanza mwaka 1993 kuzungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Wengi waliichukulia kuwa burudani ya jioni. Kumbe watafiti walikuwa wanaipima: eneo la mtambo wa Dodoma liliachwa bila kipindi hicho hadi mwaka 1995, ili lilinganishwe na mikoa iliyokuwa ikisikiliza. Matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kwa wasikilizaji, na Dodoma nayo ikafuata ilipoanza kupata matangazo. Ni vituo vichache sana duniani, vya Serikali au vya watu binafsi, vyenye ushahidi wa namna hiyo kuhusu kazi zao.

Tena kulikuwa na Idhaa ya Nje. Studio za Dar es Salaam zilitoa nafasi kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, FRELIMO, ANC, SWAPO, ZANU na wengine, kuzungumza na watu wao waliobaki chini ya wakoloni na makaburu. Kijana wa Msumbiji aliyenasa sauti ile gizani, kwa Kireno au kwa lugha ya kwao, hakuwa na sababu ya kuiona kama redio ya wizara fulani ya Tanzania.

"Miziki ya zilipendwa RTD iliinunua tu"

Iliirekodi yenyewe. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, hivyo bendi ilikuwa na njia mbili: kusafiri kwenda Kenya au kuingia studio ya RTD iliyokuwa Barabara ya Pugu, leo Barabara ya Nyerere. Maneno ya wimbo yalipelekwa kwanza yakaguliwe, kisha bendi ikapiga moja kwa moja na mikanda ikabaki stoo. NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na Dar International ya Marijani Rajabu zote zilipita njia hiyo. Malipo ya wanamuziki yalikuwa haba, na deni hilo halijafutika kwa sababu tu nyimbo zinapendwa. Mikanda ile ni mali ya umma. Kuihamishia kwenye kompyuta ikiwa bado mizima ni jukumu zito kuliko kufungua chaneli nyingine.

"TBC1 ndiyo televisheni ya kwanza Tanzania"

Hapana. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara, vituo binafsi kama ITV vilianza mwaka 1994. Televisheni ya Taifa, mama wa TBC1 ambayo ni chaneli ya televisheni ya TBC, ilizinduliwa mwaka 2000. Na Zanzibar haiko chini ya TBC hata leo: utangazaji si jambo la Muungano, na ZBC, Shirika la Utangazaji Zanzibar, ni la Serikali ya Mapinduzi.

"Wapinzani hawana haki TBC"

Kisheria wanayo. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985, iliyoongoza chaguzi za vyama vingi hadi ule wa 2020, iliwapa wagombea urais na vyama vilivyosimamisha wagombea haki ya kutumia redio na televisheni za Serikali wakati wa kampeni. Malalamiko yanahusu utekelezaji, na yana msingi wa kuulizwa. Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais, na mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, ikitaja gharama ya Sh bilioni 4.2 kwa mwaka. Anayedai haki yake aanze na kifungu cha sheria, kwa sababu kelele za jumla ni rahisi kupuuzwa.

"StarTimes ni ya TBC" na "bila kifurushi huioni TBC1"

StarTimes ni chapa ya televisheni ya kulipia ya kampuni ya Kichina. Hapa nchini inafanya kazi kupitia Star Media, kampuni ya ubia ambayo TBC ina asilimia 35. Na TBC1 ni chaneli ya bure: kifurushi kikiisha haitakiwi kukatika kwenye kingʼamuzi cha antena.