Daktari wa pili kwenye ugonjwa wa figo: yanayosemwa kwenye benchi na ukweli wake

Mama yangu mdogo anaishi Mbagala, na kwa miaka minne sasa mimi ndiye ninayempeleka kliniki ya figo. Tunatoka saa 11 alfajiri ili tuwahi namba. Pale kwenye benchi, watu wakisubiri kuitwa, mazungumzo hayakawii kufika kwenye swali lile lile: twende tukamwone daktari mwingine au tutulie na huyu? Nimesikia majibu mengi. Mengine yamewagharimu watu niliokaa nao bega kwa bega, ndiyo maana nayaandika.

Dhana: Ukienda kwa daktari mwingine umemdharau wa kwanza, na ukirudi hatakuhudumia vizuri.

Hii ilimshika mama mdogo mwaka mzima. "Yule dokta ananiamkia vizuri, ananisikiliza. Nitamwambiaje nataka mwingine?" Mwisho nikasema mimi: "Dokta, samahani, tungependa bingwa mwingine wa figo naye aangalie, tupate utulivu wa moyo." Hakukunja uso. Alivuta karatasi akaandika nusu ukurasa: presha ya miezi iliyopita, kreatinini (taka ya mwilini ambayo figo huichuja kwenye damu) za mwaka mzima, dawa zote na dozi zake, na chini kabisa swali moja analotaka lijibiwe.

Madaktari wenyewe huulizana kila siku kuhusu wagonjwa wao. Na huku kwetu mfumo wa rufaa umejengwa juu ya jambo hilo hilo: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali za mkoa kama Amana, Temeke na Mwananyamala, hadi Muhimbili. Anayejiumiza ni yule anayetoroka kimya kimya. Anafika kwa daktari wa pili mikono mitupu, anaanza upya kama mgonjwa wa jana, anatoa damu tena, analipa tena. Ugonjwa huu unasomwa kwa mwendo wake wa miezi na miaka, na mwendo huo uko kwenye faili.

Dhana: Majibu ya sehemu mbili yakipishana, lazima mmoja kakosea.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo nilipoona watu wengi wakiteseka bure.

Asubuhi moja mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu alitoa karatasi mbili kwenye mfuko wa nailoni, akazilaza juu ya goti. Moja ilisema kreatinini 1.5. Nyingine, ya wiki mbili baadaye kutoka maabara tofauti, ilisema 133. Alikuwa hajalala siku tatu. Aliamini figo zimekufa ndani ya siku kumi na nne. Nilimwonyesha kidole pale pembeni ya namba: ya kwanza ilikuwa kwa miligramu kwa desilita, ya pili kwa mikromoli kwa lita. Ukizidisha 1.5 kwa 88.4 unapata karibu 133. Ni kiasi kile kile cha kreatinini, kimepimwa kwa kipimo kingine, kama kuuza unga kwa kilo hapa na kwa ratili pale.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kirahisi. Ile namba iliyoandikwa eGFR, inayokadiria figo zinachuja kiasi gani kwa dakika, hukokotolewa kutokana na kreatinini, umri na jinsia. Kanuni ya mwaka 2009 iliyotumika sana duniani ilikuwa na kizidisho cha 1.159 kwa mtu mweusi. Kanuni mpya ya 2021 imekiondoa. Kwa hiyo damu ile ile, kwa kanuni ile ya zamani, ingeweza kutoa 52 bila kizidisho na 60 ikiwekewa. Na 60 ndiyo mpaka ambao watu wanaambiwa wako salama au hawako salama! Uliza maabara inatumia kanuni gani, na kama unaweza, pima sehemu moja ile ile kila mara.

Halafu kuna mwili wenyewe. Ukila nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo, kreatinini hupanda kidogo. Ukiharisha au ukikaukiwa maji, hupanda. Ukiwa kwenye dozi ya Septrin, ile dawa ya kuua bakteria, inaweza kupanda bila figo kuharibika. Ndiyo maana ugonjwa sugu wa figo hauthibitishwi kwa karatasi moja: dalili za kuharibika ziwepo kwa miezi mitatu au zaidi. Na mkojo upimwe protini pia, maana figo inaweza kuvujisha protini huku kreatinini ikionekana nzuri. Ukiona daktari wa pili anarudia vipimo, usidhani anatafuta hela. Mara nyingi anafanya inavyotakiwa.

Dhana: Kazi ya daktari wa pili ni kuniambia sina ugonjwa.

Naielewa tamaa hii, nami nimekuwa nayo. Lakini figo iliyokwisha kusinyaa na kuwa kovu hairudi, hata ukizunguka kwa madaktari kumi. Kinachoweza kubadilika ni vitu vingine, na si vidogo.

Kwanza, chanzo. Kwa wanaume watu wazima, tezi dume iliyovimba inaweza kuziba mkojo ukarudi nyuma na kuzibana figo. Mawe nayo hufanya hivyo. Ultrasaundi huonyesha, na kizuizi kikiondolewa mapema figo zinaweza kurudisha sehemu ya nguvu zake. Pili, dawa. Bingwa wa pili wa mama mdogo alikubaliana na wa kwanza karibu kwenye kila kitu, kisha akamuuliza, "Magoti je, mama, unayatuliza na nini?" Akafungua pochi, akatoa diklofenaki alizokuwa ananunua duka la dawa la mtaani, mbili kwa siku. Hakuwahi kuitaja popote, kwa sababu kwake ile haikuwa dawa ya hospitali. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayofika kwenye figo. Zilisimamishwa siku hiyo hiyo.

Tatu, wakati wa kuanza kusafisha damu (dayalisisi) figo zinaposhindwa kazi hiyo. Utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka mwaka 2010 uliwalinganisha walioanza mapema na waliosubiri dalili, na haukuona tofauti ya kuishi. Mtu asiye na dalili akiambiwa aanze kesho kwa sababu tu ya namba, ana haki kabisa ya kuuliza mara ya pili.

Dhana: Dawa mpya imepandisha kreatinini, basi inaua figo. Tafuta daktari atakayeikataza.

Dawa za presha kama losartani na enalapril hushusha mgandamizo ndani ya figo, na kreatinini hupanda kidogo mwanzoni. Ongezeko lisilozidi asilimia 30 ndani ya wiki chache kwa kawaida huvumilika, na dawa inaendelea kuilinda figo. Ikizidi hapo, au potasiamu (madini ya kwenye damu yanayogusa mapigo ya moyo) ikipanda, rudi haraka kwa aliyekuandikia.

Dhana: Mtu wa mitishamba naye ni daktari wa pili.

Hapana. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliotumia mitishamba ya kupunguza unene waliharibikiwa figo, wengine moja kwa moja. Chupa isiyo na maelezo haichezewi na mtu mwenye figo dhaifu.

Dhana: Maoni ya maana yako India tu.

Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kabla ya kuuza kiwanja, ulizia hapa kwanza.

Dhana: Tusifanye lolote mpaka tupate maoni mengine.

Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mtu akihema kwa shida kwa sababu maji yamejaa kwenye mapafu, akichanganyikiwa, au potasiamu yake ikiwa juu sana, moyo unaweza kusimama siku hiyo hiyo. Damu isafishwe kwanza. Daktari mwingine ataulizwa mgonjwa akiwa hai.

Hata pasipo dharura, yapo mambo yasiyongoja. Mshipa wa mkononi unaounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu huhitaji wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili au mitatu, ukomae ndipo utumike. Uchujaji wa mama mdogo, yaani ile eGFR, ulikuwa 38 tulipoanza. Sasa ni 19, na mabingwa wote wawili wamesema kitu kimoja: uandaliwe mapema, na mishipa ya mkono wa kushoto itunzwe isichomwechomwe. Wiki iliyopita kijana wa maabara alipomfunga mpira kwenye mkono huo, mama mdogo aliuvuta taratibu akauficha ndani ya khanga. "Huu hapana, mwanangu," akamwambia, akamnyooshea wa kulia.