Robert Frost hakuzaliwa shambani

Wasomaji wengi humchukulia mshairi Mmarekani Robert Frost kuwa mwana wa wakulima wa New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani: kazaliwa shambani, kakulia shambani, akaandika juu ya mahali asipopahama. Picha hiyo inapendeza, na yeye mwenyewe hakujisumbua sana kuifuta. Lakini si kweli.

Frost alizaliwa San Francisco mwaka 1874, mtoto wa mwanahabari. Baba alipofariki mwaka 1885, familia ilihamia Lawrence, Massachusetts, mji wa viwanda vya nguo. Shamba alilipata ukubwani. Mwaka 1900 babu yake alimnunulia moja huko Derry, New Hampshire, naye akaishi hapo na mkewe na watoto, akifuga kuku. Hakuwa mkulima hodari. Riziki aliikamilisha kwa ualimu. Ila masikio yake yalikuwa kazini muda wote, yakinasa jinsi majirani wanavyozungumza, na hapo ndipo ulipo utajiri wa mashairi yake.

Jambo linalosahaulika zaidi ni Uingereza. Mwaka 1912, akiwa na umri wa miaka 38 na hajachapisha kitabu hata kimoja, alivuka bahari na familia yake. Kitabu chake cha kwanza kilitolewa London mwaka 1913. Cha pili, “North of Boston”, kilichojaa kuta za mawe na wanavijiji wa New Hampshire, nacho kilitoka London, mwaka 1914. Marekani alirejea mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimeshaanza Ulaya.